Dhiraa Ishirini za Konde

Mzee Jaribu aliingia steshenari Jumatatu asubuhi na bahasha ya kaki kwapani, akakaa kwenye benchi la wateja kama mtu aliyekwisha kata tiketi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu Samiha. Nimekuja stesheni."

"Hii steshenari, babu."

"Najua. Lakini hapa Wete ndiyo iliyo karibu."

Kazi yangu ni kuwaandikia watu. Nina stashahada ya Kiswahili, nina kompyuta ya duka, na nina sifa mjini kwamba barua ikitoka mkononi mwangu hairudishwi. Barua za kuomba kazi, za kuomba kiwanja, za kumuomba mwalimu mkuu amrudishe mtoto darasani. Nilidhani mzee kaja kwa mambo ya pensheni. Nikavuta kiti, nikafungua ukurasa mpya, nikamuuliza tunamuandikia nani na tunaomba nini.

"Nataka uniombee treni," akasema.

Pemba hatuna reli hata ya futi moja. Nilimtazama usoni nione kama ananitania, maana ni mtani huyu, lakini alikuwa keshaitoa miwani yake na kuanza kuifuta, na hapo ndipo nilipojua kwamba hatanii.

Mzee Jaribu alifanya kazi Tanga miaka ishirini na mitatu, kwenye reli. Alianza kwa kuosha vichwa vya treni karakanani, akamaliza kwa kuviendesha. Aliporudi kisiwani akajijengea treni yake nyumbani kwake Jadida, ndogo, ya kwenda kwa umeme, mabehewa yake marefu kama kidole. Barazani wanamwita Mkuu wa Stesheni. Mzee Pandu, muuza tumbaku, hawezi kumuona akipita bila ya kumuuliza kama treni ya Chake ishaondoka, naye humjibu kwamba imeondoka ila nafasi ya mizigo kama Pandu haikuwapo.

Nililokuwa silijui ni kwamba duniani wapo watu kama yeye maelfu. Wanafuga treni kama wengine wanavyofuga njiwa. Wana gurupu lao kwenye simu, na kazi yao kubwa humo ni kulalama. Kila mmoja ana kichwa chake cha dizeli anachokitamani na ambacho hakuna kiwanda kilichowahi kukitengeneza kwa umbo dogo. Mmoja analilia dizeli ya migodini ya kwao, mwengine dizeli iliyokuwa ikipita nyuma ya skuli aliyosomea. Wanavihadithia vichwa hivyo kama watu waliofunga wanavyohadithia futari.

Sasa kiwanda kimoja kidogo cha ndugu wawili kilikuwa kimetoa ahadi: tajeni mnachokitamani, kitakachopata kura nyingi tutakitengeneza. Kimoja tu. Masharti yalikuwa mawili, picha na vipimo vinne kwa mita, na mwisho ulikuwa Alhamisi saa sita mchana. Mkaguzi wa vipimo alikuwa mtu wa Maskati anayeitwa Haidar, ambaye bibi yake alitoka Pemba.

"Chako ni kipi, babu?"

"Kibiongo," akasema Mzee Jaribu, na sauti yake ikashuka kidogo. "Dizeli ndogo ya kupanga mabehewa bandarini. Nimekiendesha miaka kumi na tisa. Kilikuwa na nundu mgongoni, ndiyo tukakiita hivyo. Baada ya kustaafu mie wakakikata, kikauzwa chuma chakavu."

Akaivaa miwani.

"Tulikuwa wanne tuliokiendesha. Wenzangu watatu wametangulia mbele ya haki. Nikiondoka na mie, hatobaki mtu wa kusema kwamba kilikuwapo."

Nikaifunga ile kompyuta. Barua ya namna hii haiandikwi kwa haraka.

*

Jumanne baada ya kazi nikaenda Jadida. Mke wake, Bi Mwatima, alikuwa amekaa kizingitini anasuka ukili wa mkeka, akanikaribisha kwa kidevu maana mikono ilikuwa na shughuli. Chumba cha mbele chote kilikuwa Tanga. Mlango wa zamani umelazwa juu ya mapipa mawili, maghala ya bandari ni maboksi ya viatu, robota za katani ni nyuzi zilizofungwa mafungu, na bahari ni kanga ya Bi Mwatima ambayo, kwa maneno yake, hakuombwa.

Juu ya reli kilikuwapo kichwa kimoja tu, kirefu, cha manjano, kimeandikwa jina la kampuni ya nchi nyengine. Mtoto wao alikileta kutoka Dubai.

"Huyu mgeni," Mzee Jaribu akaniambia. "Anafanya kazi Tanga kwa pasipoti ya watu. Tunaheshimiana, lakini hatuzungumzi."

Picha ya Kibiongo ilikuwa moja. Wanaume kumi na mmoja wamesimama mbele ya mashine na vifua vimetunishwa, na mashine yenyewe inachungulia nyuma yao kama mtu aliyechelewa kuitwa pichani. Nundu inaonekana, pua inaonekana, basi. Hakuna mkaguzi ambaye angeweza kutoa kipimo hapo.

"Vipimo ninavyo," mzee akasema, akafungua ile bahasha ya kaki.

Ndani mlikuwa na barua aliyomuandikia mama yake kijijini Chokocho mwaka wa sabini na tano, wakati ule yeye bado muosha vichwa, barua iliyomrudia mama alipofariki. Mama alikuwa amemuuliza hicho kidude anachokiosha kina ukubwa gani, na mama hakujua mita wala futi, alijua mkono. Kwa hiyo kijana akaenda akakipima Kibiongo kwa mkono wake.

Mzee aliupiga jicho mlango, akanisogelea.

"Soma hapa chini tu. Na usisome kwa sauti."

Macho hayaamrishwi hivyo. Kabla ya kufika chini yalikuwa yameshapita juu, na juu kuliandikwa kwa wino wa buluu, bila ya herufi kubwa hata moja: mama, yule binti wa konde niliyemuona kwenye boti, jina lake rahila, nakuomba uwaulizie wazee wake. Nikajua kwa nini tunanong'ona. Bi Mwatima si wa Konde, na jina lake si Rahila.

Chini yake ndiyo vipimo. Urefu dhiraa ishirini za konde, kwenda juu dhiraa tisa, upana dhiraa sita, reli hadi reli dhiraa mbili na nusu.

Dhiraa za Konde. Nikatabasamu peke yangu. Kijana wa miaka ishirini kapenda, hata chuma anakipimia mji wa mchumba. Nikaliacha hilo neno palepale lilipo, sikulinakili.

"Nyoosha mkono, babu."

Akaunyoosha. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, hilo nililisoma na nikalifanyia mtihani. Nikaweka utepe wa fundi cherehani: sentimita hamsini kamili. Mzee Jaribu ni mrefu, na mikono yake imemfuata. Nikazidisha, nikaandika maelezo yangu kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza kwa ajili ya wasiojaaliwa, nikatuma kabla ya magharibi. Nilirudi nyumbani najisikia mtu.

*

Jumatano saa tatu simu ikalia. Haidar alikuwa ametuma sauti.

"Assalaam alaykum, dada Samiha. Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuniangalia. Kichwa chenu kina kimo cha mita nne na nusu, yaani hakuna daraja kinaloweza kupita chini yake. Hilo nimelisamehe. Lakini umeandika kwamba kutoka reli hadi reli ni mita moja na robo. Dada yangu, reli ya Tanga ni mita moja. Gurudumu la kulia likiwa juu ya reli, la kushoto limo kwenye kokoto. Nimekitoa kwenye orodha, samahani sana. Mkiwa na vipimo vyengine, nipeni kabla ya kesho saa sita."

Nikamjibu papo hapo. "Kaka Haidar, dhiraa ni dhiraa."

"Na reli ni reli, dada."

Kwenye gurupu mtu mmoja alikuwa keshakichora Kibiongo chetu kama tembo aliyepanda baiskeli. Wamecheka watu wa nchi saba. Siku ile nilipiga hesabu mara nane, na mara zote nane hamsini ilikuwa hamsini.

Alhamisi nikaomba ruhusa dukani, nikafika Jadida saa nne. Tanga ilikuwa imefunikwa shuka. Mzee Jaribu amekaa kando yake mikono mapajani, na nikajua kwamba ile picha ya tembo imemfikia.

"Basi, mwanangu," akasema. "Umejitahidi. Nadhani nilikosea mie kupima. Ujana. Nimekaa jana kutwa nafikiri, labda hata ile nundu naizidisha. Labda haikuwa kubwa vile."

Hilo ndilo lililonichoma. Kukataliwa na Maskati ni jambo moja. Lakini mtu kuanza kukitilia shaka alichokiendesha miaka kumi na tisa, kwa sababu ya hesabu zangu, ni jambo jengine.

"Niazime barua, babu."

Nikaisoma tena, neno kwa neno, kama mtu anayetafuta sindano zuliani. Kila kitu nilikuwa nimekitumia ila neno moja.

Bi Mwatima alikuwa palepale kizingitini na ukili wake. Nikajaribu kuuliza kwa njia ya mbali.

"Babu, eti watu wa Konde wanapima vipi?"

Mkono wa Bi Mwatima ukasita.

"Konde kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu," Mzee Jaribu akasema haraka. "Samiha, mie nilikwambia usome kimya."

"Nimesoma kimya, babu, ndiyo maana tumefika hapa. Barua inasema dhiraa ishirini za Konde. Kama Konde wana dhiraa yao, niambie, tuna saa moja na nusu."

Mzee Jaribu aliinamia barua kulitazama lile neno. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashika ule mlango wenye Tanga juu yake, na maghala mawili yakaanguka.

"Konde hii, mwanangu," akasema, akaukunja mkono wake mbele ya uso wangu. Ngumi.

Nikaitazama ile ngumi.

"Kilikuwa kimetoka kupakwa rangi siku ile," akaendelea. "Rangi mbichi. Msimamizi kaapa atakayeacha alama ya kidole anarudi kwao na boti ya jioni. Na mimi vidole vimejaa grisi. Nitakipima vipi? Nikavifumba vidole ndani, nikapima kwa konde. Kiwiko hadi ngumi, kiwiko hadi ngumi, mpaka mwisho."

"Dhiraa konde," akasema Bi Mwatima, bila ya kuinua macho. "Kuna dhiraa kamili inayofika kidoleni, na kuna dhiraa konde inayoishia ngumini. Ukili huu naupimia konde tangu sijavunja ungo. Stashahada yako, mwanangu, ilikoma kwenye dhiraa ya kwanza?"

 Neno la lugha yangu lilikuwa mbele ya macho yangu, nami nikalipandisha gari likashuke Konde.

"Mbona hukuniambia, bibi?"

"Ungesoma kwa sauti ningekwambia. Lakini nyinyi mna siri zenu." Akauvuta ukili, akaukaza. "Wala hamna siri. Barua hiyo naijua. Mama yake alikuwa hajui kusoma. Unadhani nani aliyekuwa akimsomea?"

Mzee Jaribu akaacha kucheka.

"Wewe?"

"Nyumba yetu na yenu pale Chokocho zilitazamana. Mwenye kujua kusoma upande ule nilikuwa mimi. Nilimsomea yote. Urefu, upana, kwenda juu. Tukakaa sote wawili uani tukapima kwa konde, tukatia vijiti, bibi wa watu akashangaa siku tatu. Nilimsomea yote kasoro mistari miwili."

"Mistari ipi?"

"Mwandiko wako ulikuwa mbaya pale juu."

 Hesabu fulani ilikuwa inapita usoni mwa Mzee Jaribu, ya miaka hamsini.

"Nilingoja jibu la ile posa miezi minne," akasema taratibu. "Mama akaniandikia habari za jirani."

"Habari hizo pia niliziandika mimi," akasema Bi Mwatima. "Mpime mkono, Samiha. Saa inakwenda."

Mzee akakunja ngumi. Nikaweka utepe kwenye kiwiko, nikauvuta hadi kwenye vifundo vya vidole. Sentimita arubaini.

Nikaanza na reli. Dhiraa mbili na nusu, mara arubaini. Sikuhitaji kalamu. Nilimtazama mzee, naye alikuwa keshafika kabla yangu.

"Mia," akasema. "Mita moja."

Urefu mita nane. Kimo mita tatu na sentimita sitini. Upana mita mbili na sentimita arubaini. Kibiongo kilikuwa kimerudi kwenye reli yake, na nundu yake mahali pake. Nikamrekodia Haidar sauti palepale, nikaeleza konde, nikaeleza grisi na rangi mbichi, nikakiri kwamba kosa ni langu, na hilo la mwisho lilichukua muda kutoka.

Alikaa kimya dakika kumi. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia sita kasoro robo. Mzee Jaribu aliinuka, akaanza kusimamisha yale maghala yaliyoanguka, kwa sababu mikono ilitaka kazi.

Simu ikalia.

"Dada Samiha." Sauti ya Haidar ilikuwa imepoa. "Nimekunja mkono wangu hapa ofisini, wenzangu wananishangaa. Bibi yangu alikuwa akinipimia kitambaa cha kanzu hivyo hivyo, na mimi nilidhani anaficha pete. Vipimo vinalingana vyote vinne. Nina vichwa thelathini na moja kwenye orodha, thelathini vimekisiwa kwa kutazama picha. Hiki ndicho pekee ambacho mtu alikilalia ubavuni akakipima kingali kizima. Nimekirudisha. Na hayo nitayaandika kwenye gurupu, wale wa tembo wasome."

"Mwambie ahsante," Mzee Jaribu akasema, ingawa simu ilikuwa imeshanyamaza.

*

Kura zilikaa wiki mbili. Sikuwaomba watu wa Wete wapige, nilibandika tu karatasi kwenye kioo cha duka, nikaiandika vizuri. Walikuja wenyewe. Watu ambao hawajawahi kuona treni ila kwenye televisheni walisimama foleni niwaonyeshe pa kubonyeza. Mzee Pandu alipiga ya kwake, akaniuliza Kibiongo kinafika Wete siku gani, maana ana mzigo wa tumbaku. Lakini kura za Pemba zilikuwa chache kuliko za wale wafugaji wenyewe, walioisoma habari ya konde kwa Haidar. Yule mchoraji wa tembo aliandika kwamba kura yake ameihamisha.

Ijumaa baada ya sala Haidar akapiga, safari hii kwa sauti na sura. Nikaikimbiza simu mpaka Jadida.

"Yakhe, Mzee Jaribu," akasema kutoka Maskati. "Kimeshinda. Kwa tofauti ya kura kumi na nne."

Mzee Jaribu alikiinamisha kichwa, akashika ukingo wa ule mlango. Bi Mwatima alimuwekea mkono mgongoni, akauacha hapo.

"Kitakuwa na ukubwa gani?" akauliza bibi kwa niaba yake.

"Kama viberiti viwili vilivyounganishwa, mama. Mwakani katikati mtakuwa nacho. Lakini wale ndugu wana swali, na hakuna wa kulijibu ila mzee. Picha yenu haina rangi. Kibiongo kilikuwa rangi gani?"

"Chekundu," akasema mzee.

"Chekundu kipi? Wao wana wekundu arubaini."

Hapo ndipo tulipotoka. Mzee Jaribu alivaa kofia, mimi nikachukua karatasi nyeupe, tukaenda sokoni Wete kutafuta rangi. Aliitazama nyanya, akasema hapana, hiyo ina maji. Akatazama pilipili, hapana, hiyo inapiga kelele. Katika duka la kanga muuzaji Suhaila alimteremshia doti kumi na mbili, na mzee akazikataa zote kwa heshima, mpaka Suhaila akauliza kama kuna bibi harusi au vipi. Nilimjibu kwamba yupo, ana tani ishirini na nane.

Tulizunguka mpaka kwa wauza matunda. Mzee akasimama mbele ya fungu la shokishoki, akaokota moja, akalirudisha. Akaokota jengine. Aliligeuza juani, akazilaza zile nywele zake kwa kidole gumba, akafumba macho kidogo.

"Hili," akasema. "Lililochumwa jana. Si la leo, la leo linang'aa sana."

Nikaliweka juu ya karatasi nyeupe, nikalipiga picha kivulini na juani. Kwenye fomu, mahali pa rangi, nikaandika: ya shokishoki, siku ya pili. Nilipofika kwenye Kiingereza nikasita, kisha nikaandika hivyo hivyo, shokishoki, sikuongeza neno. Wakitaka kujua watauliza.

Jibu lilikuja kabla hatujafika Jadida. Haidar aliandika kwamba wale ndugu wameipata picha, na kwamba mmoja wao ametumwa mjini akalitafute tunda lenyewe, wasifanye kazi kwa kukisia.

Nikamsomea mzee, kwa sauti.

"Mwambie achukue mafungu mawili," akasema Mzee Jaribu, akimenya lile la kwanza njiani. "Moja la rangi, na moja wale."